Mji wa Moshi unaishia wapi?

Kwenye ramani ya mkoa wa Kilimanjaro, Manispaa ya Moshi ni kipande kidogo, chini ya kilomita za mraba 60, kilichozungukwa karibu pande zote na Wilaya ya Moshi, ile ambayo watu wamezoea kuiita Moshi Vijijini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 184,000 ndani ya manispaa, na wapatao 466,000 katika wilaya inayoizunguka. Kwa hiyo shamba lilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya mji. Na hao wa shamba hawakutawanyika porini. Wengi wao wanaishi mlimani, nyumba kwa nyumba, kwa msongamano ambao kwingineko nchini ungeitwa kitongoji cha mjini.

Panda daladala ya Uru au ya Kibosho uone kama utaugundua mpaka. Lami inaendelea, nguzo za umeme zinaendelea, nyumba za matofali zinaendelea. Kinachobadilika ni kivuli: migomba inakaribia barabara na jua linapungua. Shuka upande wa pili kuelekea Mabogini na mpaka unapotea kwa namna nyingine kabisa. Nyumba mpya, shamba la mahindi, nyumba ambayo bado haijaezekwa, mfereji, majaruba ya mpunga, kisha nyumba tena.

Makosa mengi yanayofanywa juu ya pembezoni mwa mji huu, katika mipango ya ardhi na hata katika mazungumzo ya mtaani, yanatokana na kudhani kwamba Moshi una ukingo mmoja unaosogea nje pande zote kwa mwendo ule ule. Una kingo mbili, wa juu na wa chini, na kila mmoja una sheria zake za urithi, za maji na za kuuziana ardhi. Wa juu umejaa watu lakini haugeuki kuwa mji. Wa chini ulikuwa na watu wachache, na sasa unamezwa kila mwaka.

Tuanze na sababu ya mji kuwa pale ulipo. Kabla ya reli, makao ya utawala katika eneo hili yalikuwa juu, Old Moshi, katika nchi ya Mangi (yaani chifu) Rindi na baadaye mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Boma la Wajerumani lilikuwa huko huko. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuweza kuupanda mteremko, ikaishia chini, kwenye mwinuko wa mita 800 na ushei. Maduka, maghala na ofisi vikaifuata stesheni. Ndivyo mji ulivyokuja kusimama kwenye mshono wa nchi mbili: mlima wenye mvua ya kutosha na watu wengi, na uwanda mkavu uliokuwa na malaria, wanyamapori na mashamba ya msimu. Wachagga walikuwa wakiushukia uwanda huo kulima na kukata majani, kisha wakapanda kurudi kulala nyumbani. Mji ulizaliwa mahali ambapo karibu hakuna aliyekuwa akilala.

Ukanda wa juu ndio wa vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba za Wachagga. Unaanzia kiasi cha mita 900 au 1,000 na kupanda hadi karibu 1,800, na kwa mlima mzima unachukua takriban kilomita za mraba 1,200. Kihamba kimoja kwa kawaida hakifiki hekta moja, lakini ndani yake kuna shamba la ghorofa. Juu kabisa ipo miti mirefu kama mringaringa, inayotoa kivuli, mbao na kuni. Chini ya miti ipo migomba ya kila aina: mshare wa mtori, ndizi za mbege, za kuiva. Chini ya migomba ipo kahawa, na chini ya kahawa magimbi, viazi vikuu na mboga. Ng'ombe mmoja au wawili wamefungwa bandani, wanakula majani ya migomba na nyasi zilizobebwa, na samadi yao inarudi kwenye mashina. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ulistahili. Ni vigumu kupata kilimo kingine kinacholisha watu zaidi ya 500 kwa kilomita ya mraba kwenye mteremko mkali bila kuuvua udongo wake.

Kihamba si mali ya biashara, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mipaka yake ni masale, mmea ule ule unaopelekwa mtu anapoomba msamaha au anapopatanisha ugomvi, na kung'oa sale la jirani ni jambo la kuitisha wazee. Wazazi na mababu wamezikwa humo. Mchagga aliyejenga Pasua, Dar es Salaam au Mwanza, akifariki, mara nyingi anarudishwa kihambani kuzikwa. Ardhi yenye makaburi ya ukoo haipelekwi sokoni kirahisi. Ikiuzwa, ndugu wanaulizwa kwanza, na mara nyingi ndiye ndugu anayenunua. Ndiyo maana mgeni mwenye fedha anayetaka kujenga Kibosho yenye hewa nzuri anaweza kuzunguka mwaka mzima asipate mahali, na siku hiyo hiyo akaonyeshwa viwanja vitano Mabogini.

Urithi nao una kanuni yake. Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka; mkubwa hutengewa sehemu yake mapema; wa katikati wanajitafutia. Wakati ardhi mpya ilikuwepo hawa walifungua vihamba vingine. Ilipokwisha, njia zilibaki mbili: kugawa kihamba vipande vidogo zaidi na zaidi, au kushuka. Kupanda juu zaidi hakukuwezekana. Msitu ulikuwa umehifadhiwa tangu enzi ya ukoloni, na ile nusu maili ya ukingo wake iliyotengwa mwaka 1941 ilikuwa kwa ajili ya mahitaji ya kuni na mbao, si kwa makazi. Tangu mwaka 2005 msitu huo uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mlima umefungwa juu. Kila kizazi kinachozaliwa kinasukumwa kuelekea chini.

Mabinti hawakuhesabiwa katika mgawo huo wa zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema waziwazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Utekelezaji wake mlimani unakwenda polepole, na kesi za mjane na mashemeji bado ni nyingi. Wanawake wengi wa Uru na Kibosho wameitatua shida hiyo kwa njia yao: wananunua kiwanja chao wenyewe uwandani, kwa fedha za ndizi, za duka au za kikundi, mahali ambapo ukoo hauna neno. Sehemu ya mji mpya wa chini imejengwa kwa sababu hiyo, na sijaona ikitajwa inavyostahili.

Kahawa nayo iliwabakiza watu juu kwa muda mrefu. Wakulima walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Kwa miongo kadhaa zao hilo lililipa ada, likajenga shule, na likafanya kihamba kidogo kitoshe. Mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei zilianguka, na wengi wakang'oa mibuni wakapanda migomba zaidi au nyanya. Kijana ambaye baba yake alisoma kwa kahawa hakuona tena sababu ya kuisubiri. Leo vihamba vingi vina nyumba nzuri zinazofungwa kuanzia Januari na kufunguliwa Desemba, familia zinapopanda kutoka mijini kwa Krismasi. Ni makazi ya kweli, yenye thamani kubwa, lakini si ya kila siku.

Kuna vizuizi viwili zaidi vya mji kupanda. Cha kwanza ni umbo la nchi. Mito imeuchimba mteremko kuwa makorongo marefu, na barabara zinafuata migongo iliyo katikati yake. Mara nyingi mtu wa Kibosho anayekwenda Uru hupata njia rahisi zaidi kwa kushuka kwanza hadi mjini na kupanda tena upande wa pili. Kila mgongo ni mtaa usio na mlango wa pembeni, na mji hauwezi kuenea kwa kukata njia za mkato.

Cha pili ni mashamba makubwa ya kahawa yaliyofunguliwa na walowezi kati ya vihamba na mji, hasa upande wa Kibosho. Yalitaifishwa mwaka 1973 na kukabidhiwa kwa vyama vya ushirika. Kwa kuwa kila shamba lilibaki kipande kimoja chini ya mmiliki mmoja, halikukatwakatwa viwanja kama ilivyotokea kwingine. Bila mtu yeyote kupanga hivyo, yamekuwa ukanda wa kijani unaoutenganisha mji na vihamba. Mipango mingi ya miji huandika ukanda wa namna hiyo kwenye karatasi na usiwepo. Hapa upo, na hakuna karatasi inayoulinda kwa kazi hiyo.

Sasa tushuke.

Chini ya mji, kupita Njoro, Pasua na Msaranga, nchi inalala. Udongo unakuwa mweusi na mzito, unanata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mvua ni kidogo kuliko mlimani, lakini maji ni mengi kwa njia isiyoonekana. Mvua inayonyesha msituni inazama ardhini, inasafiri chini ya miamba ya volkano na kutokeza kwenye kitako cha mlima kama chemchemi. Njoro ni mojawapo. Chemka, kule upande wa Hai, ambako watalii huogelea, ni nyingine ya aina hiyo hiyo. Msitu wa Rau, wenye hekta zipatazo 570 kusini mashariki mwa mji, unaishi kwa maji hayo ya chini na si kwa mvua. Ndiyo sababu uko kijani wakati mashamba ya jirani yamekauka, na ndiyo sababu una mivule mikubwa na mti wa msoo, ambao hupatikana sehemu chache sana duniani. Mji wenyewe unakunywa maji ya chemchemi kama Nsere na Shiri.

Juu ya maji hayo kulijengwa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kwa msaada wa Japani, iliyoanza kazi mwaka 1987. Lengo lilikuwa kumwagilia hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 zikiwa za mpunga, katika Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Mabogini ilitumia maji ya Njoro, na vijiji vya chini zaidi vilitegemea mto Rau. Mbegu ya IR54 ilitoa tani zipatazo 6 kwa hekta, mavuno ambayo wakulima wa hapa hawakuwahi kuyaona. Matokeo yake yalikuwa mazuri kupita mpango. Wakulima walio juu ya vyanzo vya skimu, waliokuwa nje ya mradi, waliona mpunga unavyolipa, wakachimba majaruba yao wenyewe na kuvuta maji kabla hayajafika kwenye mifereji ya saruji. Vijiji vya mkiani vikabaki na mifereji mizuri na maji haba. Huwezi kumlaumu mkulima wa juu. Maji yalipita mlangoni kwake, na tangu enzi za mababu watu wa mlima huu wamechimba mifongo, yaani mifereji ya asili, na kugawana maji kwa zamu, chini ya wazee wanaojulikana. Kilichokosekana ni chombo kimoja kinachowaunganisha wa juu na wa chini kama mfongo mmoja unavyowaunganisha walioufungua. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ndiyo yenye mamlaka ya vibali vya maji, lakini bonde lake linakwenda mpaka baharini na yenyewe haiwezi kuwa mzee wa zamu wa kila mfereji.

Juu ya mpunga huo huo sasa unakuja mji. Namna unavyokuja inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, maana ndipo hasara inapoingia.

Mwenye shamba ni mkulima aliyepewa na kijiji miaka ya ujamaa, au mtoto wake, au mtu wa mlimani aliyefungua pori. Ana ekari mbili tatu za mahindi. Mvua zinakosa misimu miwili, mtoto anakwenda chuo, na kuna mtu wa mjini anayetafuta pa kujenga. Mkulima anakata kipande, mara nyingi hatua 20 kwa 20, kisha kingine. Mauziano yanaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, mashahidi wanatia saini, muhuri unagongwa. Kisheria, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mgeni anahitaji ridhaa yao. Karatasi yenye muhuri inaonekana kutosheleza hilo, ingawa mara nyingi kikao chenyewe hakikukaa. Mpimaji hajafika. Njia inayoachwa ni ya kupitisha bodaboda, kwa sababu kila hatua inayoachwa kwa barabara ni hatua isiyouzwa. Miaka kumi baadaye pale pana nyumba arobaini, na gari la zimamoto halina pa kupita.

Hapo ndipo urasimishaji huanza. Wapima ardhi wanakuja kuchora mtaa ambao tayari upo. Ili barabara ipate upana, huyu anakatwa ukuta, yule choo, na kila mmoja anachangia gharama. Nasema bila kuficha kwamba hii ndiyo njia ghali kuliko zote ya kujenga mji, na wanaoilipia ni wale waliotafuta unafuu. Kupima shamba likiwa bado la mahindi kungegharimu sehemu ndogo tu ya hayo.

Halafu kuna masika. Mvua ya Aprili inanyesha mlimani, na saa chache baadaye mito ya Karanga na Rau na mifereji midogo yote inashusha maji kwenye uwanda ambao huenda haukupata tone siku hiyo. Zamani maji yalitandaa kwenye majani na majaruba, yakakaa, yakazama. Majaruba kwa kweli ni mabeseni ya kupokea mafuriko, hata kama hakuna aliyeyajenga kwa kazi hiyo. Kila jaruba linalofukiwa kwa kifusi ili kupandisha msingi linamwondolea jirani mahali pa kupeleka maji. Mwenye nyumba ya juu anakaa kikavu, na maji yake yanaingia sebuleni kwa wa chini. Wauzaji wa viwanja huonyesha wateja Septemba. Anayetaka kununua upande huo aende Aprili, na aulize wazee wa hapo mfongo wa zamani ulipita wapi, kwa sababu maji yanakumbuka njia hata ikishajengewa.

Kingo hizi mbili zinashikamana kwa mambo mengi ya kila siku. Alfajiri akina mama wanashusha ndizi kwenda masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni. Mchana pikapu zinapanda na nyasi na mabua ya mahindi kutoka uwandani, chakula cha ng'ombe waliofungwa bandani mlimani. Rutuba ya uwanda inapandishwa kwa njia hiyo kila siku na kuishia kwenye shina la mgomba. Uwanda ukijengwa wote, ng'ombe wa kihamba atakosa malisho, na mgomba utakosa samadi. Mkulima wa Shimbwe anayedhani ujenzi wa Mabogini haumhusu atauona kwanza kwenye bei ya mzigo wa majani.

Kwa miaka mingi pamekuwa na mjadala wa kuupanua mji wa Moshi mpaka uwe jiji, na eneo linalotazamwa zaidi ni hilo la vijiji vya jirani. Sipingi upanuzi. Mji wenye eneo dogo kiasi hiki hauwezi kutoa huduma kwa wakazi ambao tayari wanalala nje ya mipaka yake. Lakini mpaka ukivuka kijiji, mambo ya msingi yanabadilika. Kijiji kinakuwa mitaa. Mkutano mkuu wa kijiji, uliokuwa na sauti juu ya ardhi, unatoweka, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya namna hiyo. Ardhi ya kijiji inakuwa ardhi ya jumla, mpango wa matumizi unatoka halmashauri, na badala ya hatimiliki ya kimila isiyo na ukomo wa miaka unakuja umiliki wa miaka 33, 66 au 99, pamoja na kodi yake. Kwa aliye na nyumba ya biashara barabarani, hiyo ni faida: hati inakopeka benki. Kwa mwenye nusu hekta ya jaruba, ni msukumo mwingine wa kuuza.

Kihambani mabadiliko hayo hayo yangeleta mzozo wa aina nyingine. Mpango mji unaotaka viwanja vyenye vipimo sawa na barabara zinazokatana hauwezi kuandikwa juu ya masale na makaburi. Kama upanuzi utapanda juu, utahitaji kanuni za ujenzi zinazotambua kihamba kama kilivyo: kiasi gani cha eneo kinaweza kuezekwa, miti mingapi ibaki, mfongo upite wapi. Hakuna ugumu wa kitaalamu katika kuandika kanuni hizo.

Kwa uwanda, kazi ya haraka ni ndogo na inajulikana. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 inatoa nafasi ya kutangaza maeneo ya umwagiliaji na kuyalinda. Majaruba ya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria yapimwe yote, pamoja na yale ya wakulima wa juu waliojiunga bila kualikwa, yaingizwe kwenye ramani, na vyama vyao vya watumiaji maji vipewe kiti katika kikao kitakachojadili mpaka mpya, kabla mstari wenyewe haujachorwa.